Sabuni ya Siku Kumi na Mbili

Petkana hakungoja hata padri avue joho. Alitoka kanisani na mshumaa ambao hakuwa ameuwasha, akapita katikati ya watu uani kama anafukuza kuku, akaja kusimama mbele ya Ristana na kufungua leso. Ndani ya leso kulikuwa na kipande cha sabuni.

"Hii ya nani?" aliuliza.

Ristana aliinama kukitazama. Juu yake kulikuwa na muhuri wa mbuzi mwenye pembe moja. Muhuri huo aliuchonga marehemu mume wake, Sotir. Pembe ya pili ilikatika kisu kilipoteleza, naye akagoma kuchonga mwingine, akasema mbuzi anayejua kupigana hakosi kupungukiwa na pembe. Kijiji kizima cha Dabjani kiliujua. Mtoto akizaliwa, kabla hata hajapewa jina, nyumba yake ilituma mtu kwa Ristana kuchukua sabuni ya maziwa.

"Ya kwangu," alisema.

"Basi ya kwako imemchuna mjukuu wangu ngozi. Jana alitimiza siku arobaini. Tukamwogesha vizuri, ili leo mama yake amlete kanisani kusomewa sala. Sasa yuko hospitali, mjini Bitola, mgongo mwekundu kama nyama ya buchani. Nimetoka huko alfajiri. Sijalala."

Watu waliokuwa wameanza kuteremka kuelekea kwenye kahawa zao wakarudi nyuma hatua mbili tatu, maana hakuna kahawa tamu kama aibu ya jirani.

"Haiwezekani, dada Petkana," alisema Ristana. "Sabuni yangu haitoki darini kabla ya siku arobaini. Inafunga kama Mkristo anavyofunga. Wewe mwenyewe unajua."

"Mimi najua ninachokiona."

Ristana alikichukua kile kipande na kufanya kile ambacho kila mpika sabuni hufanya. Sabuni iliyoiva ukiigusa kwa ulimi haina neno, ni sabuni tu. Ile ambayo kostiki yake, ile chumvi kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, bado iko hai hukuuma kama betri. Alikilamba mbele ya watu wote, kwa kujiamini na, tuseme ukweli, kwa majivuno kidogo, kwa kuwa jibu alikuwa nalo tayari.

Ulimi ukamchoma mpaka machozi yakamtoka. Kila mtu aliyaona. Hapo ndipo alipokigeuza kile kipande na kukitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Sabuni yake huwa nyeupe kama jibini. Hii ilikuwa ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa iliyokaa sana.

Akamtafuta mwanawe kwa macho. Gligor alikuwa karibu na meza ya mishumaa, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mrefu kama baba yake, na mkewe Verka kando yake. Akaja. Ristana alimwona akija, na moyo wake ukatulia, maana ndivyo mama alivyo: akiona mtoto wake anakuja, hudhani anakuja kwake.

Gligor alimkumbatia mabega kwa mkono mmoja. "Shangazi Petkana," alisema kwa sauti ya upole ambayo watu wote waliisikia, "tusameheni. Mama amezeeka. Tangu nyongo ianze kumsumbua mikono inamtetemeka, na mizani haioni vizuri. Alipika siku mbili kabla hatujampeleka hospitali, akiwa na homa. Nilimkataza. Mnamjua, hasikii la mtu."

"Gligor," alisema Ristana.

"Basi, mama. Basi. Hakuna anayekulaumu."

Akamfungia vizuri kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimelegea. Kilikuwa kitambaa kipya, cha bluu, chenye maua, zawadi aliyompa jana yake tu, sikukuu ya wanawake. Miaka kumi hakuwa amemnunulia hata sindano. Nyuma yao mtu alisema, "Maskini," na mwingine akasema, "Uzee ni ugonjwa, ndugu yangu."

* * *

Walipofika nyumbani Ristana alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti.

"Mimi sikupika sabuni siku hizo," alisema. "Nilipika moja tu mwaka huu, siku ya Mtakatifu Trifun, katikati ya Februari, na iko darini."

"Ulipika mbili, mama," alisema Gligor. Alikuwa akivua viatu, kichwa kimeinama. "Ya pili ulipika ile Alhamisi. Ulikuwa unaongea na baba mle jikoni, ukamwambia akushikie ndoo. Baba ana miaka sita kaburini. Nilitaka nikufiche hilo, lakini umenilazimisha."

Ristana alimgeukia mkwewe. "Verka, mama. Nilipika?"

Verka alikuwa amefungua droo ya vijiko na hakuwa akitafuta kijiko. "Mimi nilikuwa nakamua mbuzi," alisema. "Sikuona vizuri."

Na Ristana kweli hakukumbuka. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko kelele zote za kanisani. Siku zile mbili kabla ya kulazwa aliziona kama chumba chenye moshi. Alikumbuka maumivu chini ya mbavu na kitambaa baridi usoni. Mtu alimshika mkono, lakini nani? Huenda aliinuka kitandani. Mtu mwenye homa huweza kupika sabuni, kwa nini asiweze? Miguu inaijua njia ya kwenda jikoni, mikono inalijua sufuria.

Alipanda darini. Vipande vya siku ya Trifun vilikuwa vimepangwa juu ya mbao, vyeupe, kila kimoja kimeachiwa nafasi hewa ipite, kama alivyoviacha. Akalamba kimoja, akalamba cha pili. Vilikuwa bado na ukali mdogo wa sabuni ya wiki tatu na ushei, si ule wa kuchoma. Akakaa sakafuni katikati ya vipande hivyo, akaona aibu kwamba mwanamke mzima amekwenda kuiuliza sabuni kama ana akili timamu.

* * *

Jumatatu asubuhi mfuko wa plastiki ulikuwa umening'inizwa kwenye lango. Ndani yake mlikuwa na vipande saba vya sabuni yake ya mwaka jana, nyeupe, nzuri, isiyo na kosa. Hakukuwa na karatasi wala salamu. Jumanne mifuko ilikuwa mitatu.

Mwanamke wa dukani, aliyekuwa akiweka sabuni ya Ristana karibu na mlango ili harufu yake iwapokee watu, alikuwa ameihamishia nyuma, chini, pamoja na sumu ya panya. Alipomwona aliona haya, lakini hakuirudisha. "Mpaka mambo yapoe, mama Ristana. Unajua watu." Jirani mwingine, mjane, alileta miwani ya marehemu mumewe imefungwa kwa gazeti. "Yeye haihitaji tena," alisema, "na wewe itakufaa kwenye mizani." Nia yake ilikuwa njema. Ristana alimkaribisha kahawa, akavaa miwani kumridhisha, na kwa nusu saa nzima aliiona nyumba yake ikiwa imepinda.

Usiku alianza kupima chumvi. Alimwaga kiganjani kiasi alichodhani ni gramu mia, kisha akaiweka kwenye mizani. Mia na mbili. Tisini na tisa. Mia kamili. Akarudia mpaka Verka akatokea mlangoni.

"Unafanya nini, mama?"

"Napima kama nimekwisha."

Verka alisimama pale na miguu mitupu juu ya sakafu ya baridi. "Nenda ulale," alisema.

Jumatano Ristana alipika sabuni. Hakuna aliyekuwa ameagiza, na hakuna ambaye angeinunua. Aliyagandisha maziwa ya mbuzi usiku kucha, asubuhi akayavunja vipande ndani ya ndoo na kuiweka ndoo kwenye theluji iliyobaki nyuma ya banda. Akafunga kitambaa usoni, akavaa glavu, akaanza kunyunyiza punje za kostiki juu ya barafu ya maziwa, chache, akikoroga, chache tena. Hapo ndipo watu wote huharibu. Kostiki ikikuta maziwa ya vuguvugu huyachemsha yenyewe bila moto, yakageuka rangi ya chungwa, kisha kahawia, yakanuka. Mwenye haraka haipati rangi nyeupe hata aombe dua.

Verka alikuja na ndoo ya mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa. Ristana alitia kidole pembeni ya chombo. "Bado moto. Yawe kama maji ya kumwogeshea mtoto," alisema.

Mafuta yalipopoa waliyamimina. Ristana alikoroga kwa mwiko mrefu, upande mmoja tu, mpaka uji ukawa mzito na mwiko ukaanza kuacha njia juu yake. Mkono haukutetemeka hata mara moja. Uji ulikuwa mweupe.

"Angalia," alisema. "Angalia, Verka. Mweupe."

"Nauona, mama."

"Sasa niambie, ile ya kahawia niliipikaje?"

Verka aliinua ndoo tupu. "Ulikuwa mgonjwa," alisema, na akaondoka haraka kuelekea kisimani, ingawa nyumba ina bomba tangu mwaka juzi.

* * *

Mwisho wa juma mtoto alitoka hospitali. Ngozi ilikuwa inarudi, walisema madaktari, na kovu likibaki litakuwa dogo. Baba yake bado alikuwa akitaja polisi kila akinywa glasi ya pili. Na Jumapili ikawa Jumapili ya Msamaha, siku ya mwisho kabla ya mfungo wa Pasaka, siku ambayo mdogo huchukua chungwa na kwenda kwa mkubwa wake, humbusu mkono, humwambia, "Nisamehe," naye mkubwa hujibu, "Umesamehewa, na mimi na Mungu." Hakuna anayetaja kosa. Hiyo ndiyo rehema ya siku hiyo, na kusema kweli ndio uvivu wake pia.

Ristana alikuwa na miaka sitini na miwili, Petkana sabini. Kwa hiyo alifunga kile kitambaa cha bluu, akachagua chungwa zuri kuliko yote, akavuka barabara. Usiku alikuwa amekata shauri. Kama alipika, alipika. Atakwenda kuomba msamaha wa dhambi ambayo haikumbuki.

Petkana alikuwa peke yake jikoni. Mkwewe Menka na mtoto walikuwa wamelala chumba cha ndani. Ristana aliliweka chungwa mezani, akainama kuushika mkono wa mwenzake. Petkana akauvuta mkono wake nyuma.

"Hapana," alisema. "Kaa."

"Dada, nisamehe. Sikumbuki, lakini kama ni mimi..."

"Kaa, Ristana, kabla sijalia. Sipendi kulia nimesimama."

Ristana alikaa. Petkana alitoa kile kipande cha sabuni kabatini, bado kimo ndani ya leso ileile, akakivunja kwa kisu. Ndani kilikuwa cheusi zaidi kuliko nje.

"Miaka hamsini napika sabuni. Si nzuri kama yako, lakini napika. Unadhani siyajui maziwa yaliyoungua? Hii haikupikwa na mtu mwenye homa. Imepikwa na mtu mwenye haraka."

"Gligor anasema ile Alhamisi niliinuka."

"Ile Alhamisi na Ijumaa yake, nani alikaa kitandani pako? Ule mkono uliokuwa unaung'ang'ania ulikuwa wa nani? Wangu, mpumbavu wee! Hukwenda hata chooni bila kunishika bega. Mwanao alikuwa shambani, mkweo hivyo hivyo. Ulipika saa ngapi?"

Ristana alitazama mkono wa Petkana uliokuwa juu ya meza, wenye pete nyembamba iliyozama nyamani, na akaukumbuka. Pete ile ilikuwa imemuumiza kidole alipokuwa akiukaza.

"Tena sikiliza," Petkana aliendelea. "Juzi nilitoka hospitali kumnunulia mtoto nepi. Kuna duka karibu pale. Dirishani zimepangwa sabuni, masalio ya sikukuu ya wanawake. Mbuzi wa pembe moja, na utepe mwekundu kiunoni. Wewe umewahi kuifunga sabuni utepe?"

"Utepe wa nini? Sabuni inataka kupumua."

"Basi. Mwanao aliipika ukiwa umelazwa, akaiwahisha sikukuu. Vile vilivyopinda, ambavyo duka lisingevichukua, akawagawia majirani. Alituletea vitatu mwenyewe, pale mlangoni. 'Zawadi kwa mtoto, kutoka kwa mama.' Nikambariki, wala sikuvitazama rangi; muhuri ulinitosha."

Ristana alisema, polepole, kama anayejaribu kila neno kama litamchoma, "Ulijua haya Jumapili iliyopita?"

"La duka sikujua. Lakini kwamba si wewe, nilijua."

"Ukanisimamisha mbele ya kanisa zima."

"Sikukusimamisha wewe. Niliusimamisha muhuri wako, ili aliyeubeba aseme. Nilimwona pale kwenye mishumaa. Nilimfungulia mlango, Ristana. Nilidhani mtoto wa Sotir atapita. Yeye akakusukuma wewe."

"Na ukanyamaza wiki nzima!" Ristana aliinuka, kiti kikaanguka. "Wiki nzima napima chumvi, Petkana! Nimeletewa miwani ya maiti. Nimelamba sabuni darini kama mbuzi, najiuliza kama nimekuwa kichaa. Nilikuwa nakuogopa wewe kumbe wewe ndiye..."

Hapo Petkana aliinuka naye. Alikwenda kwenye bakuli la dirishani, akachukua chungwa kutoka katika machungwa yake mwenyewe, akaja nalo kwa mikono miwili. Mkubwa hafanyi hivyo. Katika maisha yao yote hakuna aliyekuwa ameona mkubwa akifanya hivyo.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa hospitali, na nilikuwa na hasira, na nilitaka aje mwenyewe. Nilikosea."

Ristana alilia kwanza. Kisha alisema, "Umesamehewa, na mimi na Mungu," na wakabusiana mashavuni, mashavu yote yamelowa.

Walipokaa tena, Petkana alisema jambo la mwisho. "Nikisema mimi, utaitwa umbea. Akisema yeye, itaitwa toba, na mwanangu nitamzuia asiende polisi, nakuapia. Nampa mpaka jua la leo lizame. Asiposema, kesho nasema kila nyumba. Lakini nitataka kujua kitu kimoja. Watu wakija kukuuliza, utanikana? Maana ukinikana, mimi ndiye nitakuwa mwongo."

Ristana aliifunga ile sabuni iliyovunjika ndani ya leso. "Niazime hii," alisema. "Nitakujibu jioni."

* * *

Meza ilikuwa tayari aliporudi. Verka alikuwa ameoka mkate wa tabaka wa jibini na kuchemsha mayai, na juu ya meza, kutoka darini, alikuwa ameshusha uzi wenye kipande cha halua nyeupe, kwa ajili ya ule mchezo wa kuidaka kwa meno. Gligor alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa na chungwa mkononi. Mara tu mama yake alipoingia aliinama, akambusu mkono, akaliweka lile chungwa kiganjani pake.

"Nisamehe, mama."

"Kwa lipi?" aliuliza Ristana.

Gligor aliinua kichwa. Swali hilo haliulizwi. "Kwa... kwa yote. Kama inavyosemwa."

"Yote ni mengi. Nitajie moja."

"Mama, usianze leo. Ni sikukuu."

"Haya. Tunawe, tule."

Kumwagia watu maji ni kazi ya mkwe, lakini Ristana alimpokonya Verka jagi, akaliweka beseni juu ya kigoda, akatundika taulo begani kama msichana aliyeolewa jana. Kisha alifungua leso, akachukua nusu ya ile sabuni ya kahawia, akaiweka ukingoni mwa beseni.

"Njoo, mwanangu. Nikunawishe."

Gligor alinyoosha mikono. Akaiona. Mikono ikabaki hewani juu ya beseni, viganja juu, jinsi mtu anavyopokea kitu. Jagi lilikuwa limeinamishwa, maji yako mdomoni mwa jagi, hayajaanza kumwagika.

"Chukua sabuni," alisema Ristana.

"Iko wapi ile nyeupe?"

"Hii ina nini? Si nilipika mimi? Mimi ni mpika sabuni mzuri tu, nilikuwa na homa kidogo. Nawa."

"Sina haja ya sabuni, mikono yangu misafi."

"Mtoto wa siku arobaini ameoshwa nayo mwili mzima, Gligor. Wewe una mikono ya kushika jembe. Nawa."

Gligor aliusogeza mkono wa kulia kidogo. Kidole kimoja kilikaribia ile sabuni, na mlangoni mwa chumba Verka akasema, si kwa sauti kubwa, "Usinawe. Itakubabua."

Verka alikuwa ameshika nguzo ya mlango kwa mikono yote miwili. "Siku kumi na mbili, mama," alisema. "Mtoto alipoogeshwa, ilikuwa na siku kumi na mbili. Maziwa yalikuwa ya moto, tulikuwa tumetoka kukamua. Mimi nilifunga utepe. Nilimwambia asubiri, kisha nikafunga utepe."

Ristana hakumtazama. Alikuwa akimtazama mwanawe, na bado, hata sasa, na Mungu ni shahidi, alikuwa akimngoja. Neno moja lingetosha. Hata kama angelisema vibaya, hata kama angelisema kwa hasira, mama yake angeliweka jagi chini na kumkumbatia, na wangekwenda pamoja ng'ambo ya barabara kabla jua halijazama.

Gligor aliivuta mikono yake kutoka juu ya beseni. Akachukua taulo begani mwa mama yake. Akaifuta mikono, kila kidole, kwa uangalifu, mikono mikavu ambayo haikuwa imeguswa na tone. Akalirudisha taulo begani. Akaenda mezani, akakaa mahali pake, akauvuta mkate karibu.

"Tule," alisema. "Unapoa."

Verka alianza kulia kwa sauti. Halua ilikuwa ikizunguka polepole kwenye uzi wake, hakuna aliyeipuliza. Gligor alikata kipande cha mkate, akakiweka kwenye sahani ya mama yake, kipande kikubwa, cha katikati, anachokipenda. Kisha akamwangalia, na macho yake yalikuwa yakisubiri lile jibu la siku hiyo, ambalo mtu akilikosa huingia katika mfungo na deni la roho.

"Mungu akusamehe," alisema Ristana.

Gligor aliendelea kungoja. Kulikuwa na nusu nyingine, kila mtoto wa Dabjani anaijua. Ristana alilivua taulo begani, akalikunja, akaliweka kigodani. Akavua kitambaa cha bluu, akakikunja pia, akakiweka juu ya taulo, na juu ya kitambaa akaliweka chungwa. Kutoka msumarini nyuma ya mlango akachukua kitambaa chake cheusi cha zamani, akajifunga. Akalibeba jagi nje, akamwaga maji yake chini ya mti wa mtofaa. Yalikuwa safi.

Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya mlima. Alivuka barabara. Petkana alifungua kabla hajabisha, maana alikuwa amesimama dirishani muda wote.

"Amesema?"

"Hapana."

Petkana alimshika mkono.

"Sema wewe," alisema Ristana. "Anza asubuhi, anzia nyumba ya padri. Wakija kwangu, sitakukana."